UZI: Tukienda kwenye sanaa za usiku Kisumu, tuanze kwa kupanga gari la kurudi

Jirani wa Dunga (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Kila Alhamisi naliona swali lile lile: Kisumu kuna nini usiku, ukiacha vilabu na mpira wa Ulaya kwenye televisheni? Vipo vingi. Kuna jioni za mashairi ambapo yeyote mwenye shairi hupewa maikrofoni. Kuna michezo ya kuigiza pale ukumbi wa Mama Grace Onyango. Kuna vijana wanaoonyesha filamu zao fupi kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, na wachoraji wanaofungua karakana zao usiku mmoja kwa mwezi. Na kuna nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Waluo, zinazopigwa mbele ya watu waliokaa kimya kusikiliza, mbali na harusi na matanga.

Mwaka 2019 Ayub Ogada alipofariki nyumbani kwake Nyahera, ndipo nilipojua kwamba mtu aliyeipeleka nyatiti duniani kote alikuwa anaishi juu ya kilima ninachokiona nikianika nguo. Sikuwahi kumwona akipiga, na jambo hilo liliniuma. Tangu hapo nikaanza kukusanya marafiki, na marafiki wa marafiki, twende pamoja kwenye shughuli hizi ndogondogo kabla wenyewe hawajaondoka. Nimejifunza mengi, ila la maana kuliko yote ndilo nililochelewa kulijua: matembezi ya usiku hupangwa kuanzia mwisho. Tafuta kwanza gari la kurudi. Ukishalipata, hayo mengine utayapanga.

Nieleze ilivyotokea. Mara ya kwanza tulikuwa watu kumi na tisa, shughuli iko huku kwetu ufukweni Dunga. Kila mtu alijileta, wengine kwa tuktuk, wengine kwa bodaboda. Ilikuwa Aprili. Saa tano na nusu usiku upepo wa ziwani ukageuka, taa zikayumba, na mvua ikashuka kama mnavyoijua ya huku, haina manyunyu ya kukuonya. Kufika saa sita bodaboda zote zilikuwa zimetoweka, na mbili zilizobaki zilitaka bei mara tatu. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu na lake. Dada mmoja mwanafunzi, anayekaa Mamboleo, akapanda pikipiki ambayo hakuna kati yetu aliyeangalia nambari yake. Simu yake ikazima.

Tulimpigia hadi saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa amefika salama, betri tu ndiyo iliyomwishia. Lakini hakuja tena na kundi letu, na sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemwalika atoke Mamboleo hadi Dunga usiku, na sikuwa nimefikiria hata kidogo atarudije.

Siku hizi tunakodi matatu moja ya abiria 14, na hicho ndicho kipimo cha kundi. Mtu wa kumi na tano husubiri safari ijayo. Wengine waliniona mkali mwanzoni, lakini watu 14 wanaojuana majina ni kundi, na arobaini ni umati unaokwenda mahali pamoja.

Dereva tunamlipa nusu kabla na nusu mtu wa mwisho akishashuka mlangoni kwake. Tunamlipia kiingilio na chakula, akae ndani nasi. Dereva aliyeachwa garini saa nne nzima atatafuta abiria wengine au atatafuta chupa, na ni haki yake kuchoka. Orodha ya kushuka huandikwa mapema: Nyalenda kwanza, Nyamasaria, turudi Manyatta, Kondele, tumalizie Mamboleo. Kabla gari halijang'oka, nasimama mlangoni na karatasi nasoma majina. Nasubiri mtu aitike kwa sauti yake mwenyewe. Sikubali mwenzake amwitikie.

Karibuni tuchangie. Wa Nakuru na Kakamega pia, najua mambo yanafanana.

Kijana wa Kondele

Dada Jirani, ero kamano kwa uzi huu. Swali langu ni pesa. Mimi nimewahi kuchangia safari kama hii, pesa zikaenda kwa simu ya mtu mmoja, na siku ya siku tukaambiwa gari limeharibika. Hatukuona shilingi. Nyinyi mnafanyaje?

Jirani wa Dunga

Pole sana omera. Umeligusa penyewe.

Gari huwa shilingi 4,200 kwa usiku mzima. Tukigawa kwa 14 ni 300 kila mtu. Hizo zinatumwa kwa M-Pesa ya mweka hazina, ambaye hawezi kuwa mimi ninayepanga safari. Anayekusanya na anayetumia wakiwa watu wawili, maneno hupungua. Kila anayetuma anabandika ujumbe wake wa M-Pesa kwenye kundi, na dereva akishalipwa, ujumbe huo pia unabandikwa. Mwisho ni Alhamisi saa mbili usiku. Ukipata dharura baada ya hapo, kiti ni chako, mpe mtu mwingine tumjue jina, ila pesa hazirudi kwa sababu dereva ameshakataa kazi nyingine kwa ajili yetu.

Kiingilio sikikusanyi kabisa. Kila mtu anakilipa mwenyewe mlangoni, mkononi mwa wenye shughuli. Niliwahi kukusanya nikaomba punguzo la kundi, na mshairi mmoja kijana akanikubalia haraka haraka kwa kuona haya. Baadaye nilikuja kujua kwamba ukumbi ulikuwa umechukua karibu pesa zake zote. Sijaomba punguzo tena. Ukienda kwenye shughuli ya watu thelathini, wewe na wenzako kumi na tatu ndio karibu nusu ya mapato ya usiku huo.

Mama Pacha

Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Manyatta, na nimesoma hiyo habari ya dada wa Mamboleo mara mbili. Nataka kuja. Nimependa sana mashairi tangu shule. Lakini niwaambieni ukweli, kinachonizuia sicho gari peke yake. Nikifika pale peke yangu, kuna mwanamume atakuja kukaa karibu aninunulie soda ambayo sikuiomba, na nikikataa anakasirika. Pili, mimi sinywi pombe. Naogopa kuonekana naharibia watu raha.

Jirani wa Dunga

Mama Pacha, asante kwa kuliweka wazi. Katika safari yetu ya mwisho, kati ya 14, sita hawakuonja pombe, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Mtu akitaka kunywa anywe zake, na aliye chini ya miaka 18 hatumpeleki mahali panapouzwa vileo, sheria ya 2010 iko wazi na sisi wenyewe hatutaki.

Kuhusu huyo wa soda. Kila mgeni tunampa mwenyeji mmoja, mwanamke kwa mwanamke. Mwenyeji anakaa naye garini, anakaa naye ukumbini, na kazi yake usiku huo ni hiyo. Mgeni akimwambia tu "nataka hewa", wanatoka nje pamoja bila maelezo. Neno hilo tulikubaliana sote. Na kama msumbufu ni mmoja wetu, anarudishiwa pesa zake za gari za safari ijayo na jina linatoka. Imetokea mara moja. Alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi. Niliumia, lakini dada aliyesumbuliwa bado anakuja hadi leo.

Mume wako akitaka kujua uko na nani, mpe nambari yangu na ya dereva. Wengi hufanya hivyo na hakuna aibu ndani yake.

Nakuru Mjini

Salamu kutoka Nakuru. Tangu tuitwe jiji Desemba 2021 vilabu vimeongezeka, lakini sanaa bado unaitafuta kwa tochi. Sisi tumezoea Nakuru Players Theatre kwa michezo ya kuigiza, na ghala moja la zamani ambako vijana hupiga muziki wao wenyewe. Shida yetu ni muda. Tangazo linasema saa mbili usiku, shoo inaanza saa nne. Watu wangu wanakaa saa mbili nzima kwenye baridi, na baridi ya Nakuru hamuijui nyie wa ziwani. Shoo ikianza wameshachoka, wanaondoka katikati. Mwigizaji anaona migongo.

Jirani wa Dunga

Hilo la migongo linauma kweli. Mimi humpigia mwenye shughuli siku hiyo hiyo mchana, nikamuuliza maswali mawili tofauti: mlango unafunguliwa saa ngapi, na mtu wa kwanza anapanda jukwaani saa ngapi? Ukimuuliza "inaanza saa ngapi" atakusomea bango. Ukimuuliza habari ya mtu wa kwanza jukwaani, anafikiria kidogo, kisha anakuambia ukweli. Halafu tunafika nusu saa kabla ya huo ukweli. Ile nusu saa tunakula, na mgeni anafahamiana na wenzake.

Saa ya kuondoka nayo hutangazwa garini tukiwa bado tunakwenda. Asiyeitaka saa hiyo anajua mapema.

Kijana wa Kondele

Niseme jambo na msinichukie. Hizi kanuni si zinakuwa nyingi? Orodha, karatasi, mwenyeji, neno la siri. Raha ya usiku ni kutojua utaishia wapi. Usiku bora wa maisha yangu ulianzia kwa samaki na ugali Kibuye ukaishia kwa muziki wa benga alfajiri mahali ambapo hata leo siwezi kupapata tena.

Mama Pacha

Kijana, usiku kama huo mimi sijawahi kuwa nao. Nikipotea njia alfajiri, hadithi yake huwa nyingine kabisa.

Kijana wa Kondele

Hapo umenishika, mama. Nimekaa nimelifikiria. Sikuwahi kuliona kwa upande huo. Nisamehe.

Jirani wa Dunga

Asanteni wote wawili. Kijana, niongeze tu kwamba mambo yasiyotarajiwa bado yapo. Nikupe moja.

Mwaka jana tulikwenda kumsikiliza jaduong' (mzee) mmoja wa nyatiti, kwenye ua wa nyumba ya kawaida, wala hapakuwa na jukwaa. Alikuja na kigoda chake cha chini. Akaketi, akailaza nyatiti mbele yake, akajifunga njuga mguuni, halafu akatoa mfukoni pete nzito ya chuma akaivika kwenye kidole gumba cha mguu. Watu kadhaa wetu hawakujua ni ya nini. Alipoanza ndipo tukaelewa: vidole vyote viko kwenye nyuzi nane, na mguu unaigonga pete kwenye mti wa nyatiti, njuga zinaitikia juu yake. Mtu mmoja, na ukifumba macho unahesabu watatu. Mtoto wa jirani alikuja akakaa mbele kabisa, akawa anaangalia kile kidole cha mguu tu, wimbo mzima.

Tungekuwa tunawaza tutarudije, tungeondoka saa nne. Jaduong' alianza kuimba nyimbo zake nzuri zaidi saa tano na nusu. Tulikuwa na gari nje na dereva ndani, kwa hiyo tulikaa.

Shinyalu Moja

Mimi natokea upande wa Kakamega. Huku kwetu mambo ni isukuti, na isukuti haitaki viti. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mtu akizisikia miguu inajiendea. UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na ukizungumza na wazee wa Isukha na Idakho utajua kwa nini: wapigaji wanazeeka na vijana wako mjini. Kama kuna kundi Kisumu linaloweza kuja mchana, ni kama kilomita 50 tu, tunaweza kuwapokea. Ila msije na kamera nyingi mkasimama pembeni. Chezeni.

Jirani wa Dunga

Ndugu, tutakuja. Nitakutafuta pembeni tupange. Mchana wa Jumamosi utatufaa, tuwe tumerudi Kisumu kabla ya giza.

Magurudumu

Natumia kiti cha magurudumu. Nimealikwa mara nyingi kwenye shoo za mjini na kila mara naambiwa "pako sawa, ngazi ni mbili tu." Ngazi mbili kwangu ni kubebwa na wanaume nisiowajua mbele ya watu. Na hakuna anayewahi kuniambia habari ya choo. Je, kundi lenu linamfikiriaje mtu kama mimi?

Jirani wa Dunga

Mpaka mwaka juzi hatukuwa tumefikiria, na nakuomba radhi kwa hilo. Tulipopata mwenzetu wa kwanza anayetumia kiti, nilianza kwenda ukumbini siku moja kabla na futi ya cherehani. Napima mlango wa mbele, napima mlango wa choo, nahesabu ngazi, nampigia picha, namtumia. Uamuzi ni wake. Kumbi mbili nilizopima, mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti chake, kwa hiyo safari hizo tulizifuta sote na tukawaambia wenye ukumbi sababu. Mmoja wao ametengeneza mteremko wa mbao. Choo bado.

Kwenye matatu tunaondoa abiria mmoja ili kiti kikunjwe na kikae ndani, hakifungwi juu ya paa. Nitumie vipimo vya kiti chako kwa ujumbe wa faragha, nikupimie ukumbi wa mwezi ujao.

Mgeni wa Milimani

Samahani, nimeingia uzi katikati. Nilikwenda kwenye muziki wa ohangla wa Waluo mara moja, mtu akasimamisha muziki akaanza kujisifu yeye na rafiki zake na kutoa noti, bendi ikamsubiri. Halafu wote wakanigeukia mimi. Niliona haya hadi nikatoka. Ilikuwa nini ile?

Mpiga Orutu

Ngoja nijibu hilo mimi, kwa sababu ni kazi yangu.

Hiyo ni pakruok. Anayetoa pesa anapata nafasi ya kuusimamisha muziki na kujitaja kwa majina ya sifa, yeye, au mama yake, au mtu anayempenda, au kijiji alichotoka. Huku kwetu ni ya zamani kuliko gitaa. Ilikuwapo kwenye nyatiti, ikaingia kwenye benga na ohangla. Walikugeukia kwa sababu walikuwa wanakukaribisha. Hukuwa unadaiwa chochote. Ungesema jina la mama yako na kumsifu kwa sentensi moja, ukatoa hata shilingi 50, ukumbi mzima ungepiga kelele. Na sisi tunaopiga tungelikumbuka jina hilo na kuliimba tena saa moja baadaye. Dada Jirani, wafundisheni watu wenu hili garini kabla hawajafika.

Nami niongeze machache. Mkija kusikiliza ala ndogo, msiongee wakati orutu iko peke yake. Ina uzi mmoja tu, haiwezi kushindana na meza. Rekodini wimbo mmoja kama mnataka, kisha wekeni simu mfukoni.

Jambo la mwisho sikuwa nataka kulisema, lakini uzi wenyewe unahusu kurudi nyumbani. Nyinyi mkishaondoka na gari lenu, sisi tunabaki. Tunafungasha vyombo saa saba, saa nane. Bodaboda haitaki kubeba mtu na ngoma. Nimewahi kulala kwenye ngazi za ukumbi nikikumbatia orutu yangu hadi matatu za kwanza zianze, na wenzangu wa mjini hapa wote wana hadithi kama hiyo. Wanamuziki wetu wanasafiri usiku sana. D. O. Misiani mwenyewe, nguli wa benga, barabara ilimchukua hapa Kisumu mwaka 2006. Kila tukiagana usiku, mke wangu halali mpaka asikie lango.

Mama Pacha

Kaka Mpiga Orutu, pole. Kwa kweli sikuwahi kujiuliza mnaendaje.

Jirani wa Dunga

Nimesoma ujumbe huo nikanyamaza kwa muda mrefu. Nimeandika huko juu kwamba gari la kurudi ndilo la kwanza, na miaka yote hii nimekuwa nikiwasomea majina watu 14 mlangoni huku waliotuimbia wakifungasha nyuma yangu.

Nimezungumza na mweka hazina na dereva jioni hii. Gari ni lile lile la 4,200. Kuanzia safari ijayo tutagawa kwa 12, kwa hiyo ni shilingi 350 badala ya 300. Viti viwili vya nyuma ni vya wasanii na vyombo vyao, bure, na tutawasubiri wafungashe. Dereva amekubali kukaa hadi saa nane kwa bei hiyo hiyo, mradi aitwe jina lake na yeye kwenye orodha. Nimemwambia atakuwa wa kwanza kuitwa. Kama kuna anayepinga shilingi 50 za ziada, aniambie faraghani, nitaelewa, hali ni ngumu.

Kijana wa Kondele

Mimi nalipa 350. Na niandikwe mwenyeji wa wanaume wageni, kama nafasi ipo.

Mgeni wa Milimani

350, tayari nimetuma. Naanza kufikiria sentensi ya kumsifu mama.

Magurudumu

Kiti changu: upana sentimita 63, kikikunjwa ni 30. Nikija tutakuwa abiria 11 tunaolipa, kwa hiyo hesabu irekebishwe, nami sitaki kulipiwa tofauti.

Jirani wa Dunga

Nimerekebisha. 4,200 kwa 11 ni 382, tuseme 385, zinazobaki anunuliwe dereva maji. Kesho saa nne asubuhi naenda kupima ule mlango.

Mpiga Orutu, unashukia wapi, nikuandike kwenye orodha?

Mpiga Orutu

Nyalenda, karibu na kona ya Ring Road. Na mwenzangu wa ngoma ni Manyatta.

Jirani wa Dunga

Basi wewe ndiwe wa kwanza kushuka. Mwambie mke wako kama saa nane na nusu.